Pole Isiyorudi Nyumbani: Lugha Yetu na Huruma ya Nafsi

Kiswahili kina neno dogo ambalo hatulitoi kwa mizani. Mtu akijikwaa njiani tunamwambia pole. Akitoka safari, pole. Akifiwa, pole. Akionekana tu amebeba mzigo, ingawa hajalalamika, tunampa pole ya kazi. Neno hili si samahani, kwa kuwa anayelitoa hakiri kosa lolote. Wala si swali, kwa kuwa halitaki kujua nani alaumiwe. Aliyejikwaa haulizwi kwanza kwa nini hakutazama chini. Pole inatangulia, na uchunguzi, kama upo, unafuata baadaye. Na tazameni jibu lake. Wengi wetu hujibu, "Nimeshapoa," kana kwamba tumekwisha kulitambua neno hilo kuwa ni maji yaliyomwagiwa kitu cha moto.

Hoja yangu leo ni kwamba neno hili tunaligawa kwa kila mtu isipokuwa mmoja. Sijapata kumsikia mtu, baada ya kuvunja sahani akiwa peke yake jikoni, akijiambia, "Pole." Anachojiambia twakijua sote: "Mjinga mimi." Pole yetu hutoka nje ya nyumba alfajiri, ikazunguka kijiji kizima, na jioni hairudi kulala kwa mwenyewe. Kwa maoni yangu, hili si jambo la tabia peke yake. Ni jambo la lugha pia, na kwa hiyo linawahusu malenga na wanalugha kabla ya kuwahusu waganga.

Nayasema haya nikiwa Makongolosi, mji mdogo wa wilaya ya Chunya, mkoani Mbeya, kilomita zipatazo 39 kutoka Chunya mjini. Hii ni nchi ya Lupa. Dhahabu yake ilianza kuwavuta watu kutoka mbali tangu miaka ya 1920, na hadi leo wachimbaji wadogo wanashuka kwenye maduara, makarasha yanasaga mawe mchana na usiku, na marudio yaliyokwisha kuoshwa yanatafutiwa tena chembe zilizosalia. Pembeni ya dhahabu yupo mkulima wa tumbaku, naye pia anaishi kwa kubahatisha: anachukua pembejeo kwa mkopo, kisha anaitazama mvua ya mawe ikilitoboa jani alilolilea kwa miezi kadhaa. Kazi hizi mbili zinafanana kwa jambo moja. Mtu anaweza kufanya kila linalopasa kufanywa, na bado akatoka mikono mitupu.

Katika mji kama huu utaona jambo ambalo takwimu hazihitajiki kulithibitisha. Wapo wanaume waliokuja machimboni kutafuta mtaji wa mwaka mmoja, na sasa ni mwaka wa kumi. Hawakufungwa na mtu. Nauli ya kurudi kwao si kubwa kiasi cha kushindikana. Kinachowazuia ni aibu. Kila mmoja ana sentensi anayojisomea usiku: nitarudije bila kitu? Nyumbani mama anazeeka, watoto wanamjua baba kwa sauti ya simu, na yeye anaendelea kujihukumu kwa kosa ambalo, likichunguzwa vizuri, ni kosa la mwamba kutokuwa na dhahabu.

Hapo tena lugha inatuchezea. Kwingineko kote, "kugonga mwamba" ni kushindwa. Mazungumzo yakivunjika, magazeti huandika kwamba yamegonga mwamba. Lakini muulize mchimbaji wa hapa. Yeye hutoboa udongo na vifusi kwa siku nyingi akiutafuta huo huo mwamba, maana dhahabu ya Lupa, ile isiyookotwa mchangani, imejificha ndani ya mawe. Nahau moja ina sura mbili kulingana na mahali aliposimama msemaji. Kumbe hata maneno tunayoyatumia kupima kushindwa kwetu si sheria ya maumbile. Ni mazoea, na mazoea hubadilishwa.

Niwaonyeshe mazoea mengine, yaliyojificha katika silabi moja: ji. Kiswahili kinazo ji kadhaa, na anayejilaumu huzitumia tatu kwa mpigo. Ya kwanza ni ji ya kujirejea: kujilaumu, kujichukia, kujidharau, kujuta kwa kujitesa. Ya pili ni ji ya ukubwa, ile inayomgeuza mtu kuwa jitu: "Jitu zima linalia!" Ya tatu, ambayo naiona ya hatari kuliko zote, ni ji ya mwishoni, inayoonyesha mazoea. Anayesoma kila siku ni msomaji, anayechimba kila siku ni mchimbaji. Sasa angalieni mtu aliyekosa mara moja. Ukweli wake ni kitenzi: nimekosa. Kitenzi kina wakati, kina mwanzo na mwisho. Lakini usiku, akiwa kitandani, anakigeuza kitenzi kuwa nomino: mimi ni mkosaji. Tendo la siku moja limekuwa cheo cha maisha. "Nimeshindwa" imekuwa "mimi wa kushindwa tu." Hakuna aliyemfanyia hivyo, amejifanyia mwenyewe, kwa sarufi.

Basi dawa yake iitwe nani? Hapa wanalugha tuna kazi. Neno lililo karibu ni kujihurumia, lakini neno hilo limechafuka. Mtu akituambia, "Acha kujihurumia," anamaanisha acha kudeka, acha kukaa ukijililia. Kwa neno moja tumeyafunga mambo mawili yasiyofanana, na matokeo yake ni kwamba kila anayetaka kujitendea wema anajihisi mwizi.

Napendekeza tuyatenganishe, na lugha yenyewe imekwisha kutupa zana. Tuseme "kujionea huruma" kwa ile hali ya kudeka. Ndani yake mna kitenzi ona: mtu amekaa anajitazama, kama aliyekamata kioo, na kadiri anavyojitazama ndivyo wengine wanavyotoweka, hata akaamini kwamba hakuna aliyewahi kuumia kama yeye. Kisha tuliachie neno "kujihurumia" maana yake ya asili, yaani kuitendea nafsi yako kile ambacho ungemtendea mtu unayemhurumia. Ukimhurumia mwenye njaa, humtazami tu, unampa chakula. Ukimhurumia aliyeanguka, unamnyanyua. Kujionea huruma ni kutazama, kujihurumia ni kutenda. Na wale wanaoona neno hilo bado lina doa, wapo huru kusema kujipa pole, ambalo mimi nalipenda zaidi kwa kuwa halihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote, kuanzia Mombasa hadi Makongolosi.

Wanasaikolojia nao wamelishughulikia jambo hili. Mwaka 2003 Kristin Neff, wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alichapisha maelezo ya huruma ya nafsi kuwa na nguzo tatu. Ya kwanza ni kujitendea kwa upole badala ya ukali. Ya pili ni kukumbuka kwamba kuumia na kukosea ni sehemu ya ubinadamu, si msiba wako peke yako. Ya tatu ni kuyatambua maumivu kama yalivyo, bila kuyakana na bila kuyakuza. Mswahili akiyasoma hayo hatashangaa sana. Nguzo ya kwanza ni pole. Ya pili tunaiishi kila tunapokaa matangani, ambapo mfiwa anaoneshwa kwa miili ya watu, kabla ya maneno, kwamba hayuko peke yake. Ya tatu ndiyo inayotupa taabu, nami nitaieleza.

Taabu yenyewe ni kwamba tumelelewa kuyakana maumivu. Tumeambiwa tupige moyo konde. Mtoto wa kiume akiumia huambiwa kwamba mwanamume halii. Mtu mzima akiumia huambiwa ajikaze kisabuni. Sipuuzi hekima iliyomo humo. Zipo saa ambazo kujikaza ndiko kunakookoa: kamba inapokatika duarani, mtu halii kwanza, anashika ukuta. Lakini tuitazame hiyo sabuni tuliyoitolea mfano. Sabuni hata ikaze namna gani, ikiguswa na maji kila siku huisha. Haipasuki, haipigi kelele. Inapungua tu, mpaka siku moja mkono unapapasa sahani na hakuna kitu. Lugha iliyotupa nahau ya kujikaza ilitupa na onyo ndani yake, ila sisi tumeichukua nusu moja.

Najua pingamizi litakaloletwa hapa. Watasema: huruma ya nafsi huzaa uvivu. Mtu akijisamehe kila siku, atarekebika lini? Pingamizi hili ni la haki, na lingekuwa na nguvu kama ukali ungekuwa unarekebisha. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Juliana Breines na Serena Chen, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kinyume chake: watu walioongozwa kuyatazama makosa yao kwa huruma walikuwa na ari kubwa zaidi ya kujirekebisha. Hata bila majaribio, wahenga walikwisha kusema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hawakusema koleo halikuvunjika. Hawakusema mhunzi alale. Walisema tu kwamba chuma bado kimo motoni, na mhunzi bado ni mhunzi. Aliyejihukumu kuwa si mhunzi tena hatengenezi koleo jingine. Huo ndio uvivu wa kweli, nao ni mtoto wa ukali.

Watasema pia kwamba haya ni mambo ya kigeni, ya watu wanaoishi kila mtu kivyake. Basi tuifungue maktaba yetu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham aliandika utendi akiwa mgonjwa. Tunaukumbuka kwa nasaha zake kwa bintiye: wajibu kwa Mola, kwa mume, kwa watu. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mapokeo yetu ya nasaha inaelekea nje namna hiyo, kwa mwana, kwa mke, kwa rafiki, kwa umma. Lakini mama huyo huyo, alipokwisha kumhudumia mtoto, aliugeuza utendi kuwa dua, na ndani ya dua hiyo akajiombea na yeye. Hakuona haya. Mgonjwa aliyejiombea afya ndani ya wosia wake hakuwa akideka. Alikuwa akijihesabu kuwa miongoni mwa viumbe wanaostahili rehema.

Au tumchukue Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa kwa ajili ya waraka alioupa jina la swali, "Kenya: Twendapi?", na kati ya 1969 na 1972 aliishi gerezani, sehemu kubwa ya muda huo akiwa ametengwa peke yake. Mashairi aliyoyaandika humo kwa siri, mengine juu ya karatasi za msalani, yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Tumezoea kulisifu diwani hilo kwa ujasiri wake wa kisiasa, na tunalisifu kwa haki. Mimi naliona na jambo jingine. Mtu aliyenyimwa mwenzi wa kusema naye alijifanyia mwenzi kwa vina na mizani. Katika chumba kile hapakuwa na wa kumwambia pole. Aliyeishika kalamu ndiye aliyekuwa msemaji, na ndiye aliyekuwa msikilizaji. Na jina la kitabu halikuificha dhiki wala kuikuza, limeitaja tu. Hiyo ndiyo nguzo ya tatu niliyoahidi kuieleza.

Kwa upande wa pili yupo Kazimoto wa riwaya ya Kichwamaji, aliyeandikwa na Euphrase Kezilahabi na kuchapishwa mwaka 1974. Kijana huyo ana elimu, ana akili kali, na anaweza kuyachambua maisha mpaka yakabaki mifupa. Mwisho wake ni kujiua. Riwaya ile ina mengi, nami siipunguzi kuwa somo moja, lakini kila ninapoisoma naliona pengo lile lile: Kazimoto ana msamiati mpana wa kuhukumu, na hana hata neno moja la kujipoza.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tusilipite neno hilo la kujiua haraka. Nchi nzima ina utani wa kuwasema ndugu zetu Wahehe wa Iringa kwamba hawana subira na kamba. Watu wanaucheka barazani na ndani ya mabasi. Utani wa makabila ni urithi mzuri, lakini utani huu mmoja unamziba mdomo anayeumia, kwa sababu akisema tu kwamba amechoka na maisha, watu wanacheka badala ya kumpa pole. Sheria nayo imesimama upande wa ukali: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, imelifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitamka kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Mtu aliyefika mahali pa kutaka kujiondoa duniani amekwisha kujihukumu kwa ukali uliopita wa hakimu yeyote. Kumwongezea hukumu nyingine ni kumwambia kwamba ile ya kwanza ilikuwa sahihi. Natumaini watunga sheria wetu watalitazama jambo hili upya, na natumaini sisi wenye kalamu tutakuwa tumekwisha kuwaandalia maneno.

Maneno hayo tuyapateje? Nina mapendekezo mawili kwa malenga wenzangu, na yote ni ya kazi za mikono.

La kwanza, tubadili nafsi. Neno nafsi kwetu lina maana mbili, ya roho na ya sarufi, na naona si bure. Aliye ndani ya dhiki huzungumza kwa nafsi ya kwanza: nimeharibu, sifai. Ajaribu kuhamia nafsi ya pili: umechoka, ulijitahidi, sasa pumzika. Au ajiite kwa jina lake. Mwaka 2014 Ethan Kross na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wanaojisemesha kwa jina lao au kwa "wewe" wanamudu hofu na aibu vizuri zaidi kuliko wanaojisemesha kwa "mimi." Washairi wetu wa kale walilijua hilo kwa njia yao. Waliuita moyo, wakausemesha kama jirani. Na katika beti za tamati walijitaja kwa majina yao, kana kwamba aliyetunga ni mtu mwingine wanayemfahamu na kumpenda. Tulidhani ni saini tu. Yawezekana ilikuwa na faida nyingine.

La pili, tukirudishe kitenzi mahali pake. Unapojikuta umejipa nomino, mkosaji, mshindwa, mzembe, iandike nomino hiyo karatasini, kisha uivue vazi lake mpaka kitenzi kibaki: nini kilitendeka, lini, mara ngapi? Wahenga walikwisha kutufanyia zoezi hili waliposema kuteleza si kuanguka. Walikataa tendo moja liitwe kwa jina la tendo jingine. Sisi tunajifanyia kinyume: tunateleza, halafu tunajiita maiti.

Nisieleweke vibaya. Ubeti haulipi deni la pembejeo, wala huruma ya nafsi haiwezi kusimama mahali pa leseni halali, bei ya haki ya tumbaku, au nguzo imara ndani ya duara. Mtu anayeonewa asiambiwe ajihurumie tu ili mwonevu alale usingizi. Na sonona ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Anayeshindwa kulala, kula au kuona sababu ya kuamka anastahili kufikishwa kwa wataalamu wa afya ya akili bila kuchelewa na bila kuonewa haya. Lakini hata hospitali huanza na mtu aliyekubali kwamba anastahili kutibiwa. Kukubali huko ndiko ninakokusema.

Nimetunga ubeti mmoja kwa ajili ya wale wasiorudi nyumbani. Nauweka hapa si kwa kujisifu, bali ili wenye vipaji waukosoe na kuupita:

Moyo ulioumia, leo ninakupa pole,
Duara limetitia, jasho limebaki kule,
Kama ndugu angelia, ungemwita aje ale,
Nawe nakuandalia, keti ule na ulale.

Tuandike nyingi za namna hii. Tuna mashairi ya mapenzi yasiyohesabika, tuna mashairi ya siasa, ya maombolezo, ya kumsuta jirani na kumsifu kiongozi. Hazina ya mashairi ambamo mtu anajikaribisha mwenyewe mezani bado ni ndogo. Kijana aliye machimboni, anayejiuliza atarudije bila kitu, huenda hatakutana na mwanasaikolojia mwaka huu. Lakini ubeti unasafiri kwa simu, unaimbwa, unashikwa kwa kichwa. Kama utamfikia usiku ule anapojisomea hukumu yake, na ukampa neno moja badala ya lile alilolizoea, huenda asubuhi akaenda kituo cha basi.